Mzunguko wa Tano

Sisi tuliopenda mashindano ya ndege tunajuana. Tukikutana, hata kwenye matanga, chai haipoi kabla mtu hajaanza: mnaikumbuka ile siku? Mmoja atasimulia ndege mbili zilizofika mwisho bawa kwa bawa, waamuzi wakabishana hadi watu wakachoka kusubiri. Mwingine atasimulia mwaka wa mvua, ndege zote zikashuka isipokuwa moja. Karibu kila mtu husimulia washindi. Yangu mimi ni ndege iliyofika ya mwisho, baada ya kombe kutolewa na watu kuanza kurudi kwenye magari yao. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba haikufika. Sikubali. Nilikuwapo, na niliiona.

Miaka hiyo ya tisini tulikaa Dandora, mimi na mama yangu, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Mimi nilifunga biskuti katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo. Mama alifulia watu nguo Komarock. Alikuwa mwanamke mrefu, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya wanawake, aliyekuja mjini kutoka Ukambani pamoja na mumewe, na mume alipofariki akakataa kurudi. Ndugu wa baba walimwambia mji si mahali pa mjane. Akawauliza mjane mahali pake ni wapi.

Ndege alizipenda kwa sababu ya mashuka. Kila mwaka, wiki chache kabla ya mashindano, marubani walikuwa wakifanya mazoezi juu ya nyika iliyoanza nyumba zilipoishia, na baadhi yao walikuja mpaka Komarock kugeuzia hapo. Siku moja Mama alikuwa akianika. Ndege ndogo nyekundu ikapita chini, chini kabisa, mpaka mashuka yakainuka yote kwa pamoja kwenye kamba. Aliniambia jioni hiyo, akiwa ameshika sufuria mkononi, kwamba alisahau kuogopa. Alikuwa amebaki tu ametazama juu, vibanio mdomoni.

Alimuuliza mama mwenye nyumba, aliyekuwa akimfulia siku hiyo, ndege ile ilikuwa ikifanya nini.

“Ni mashindano, Jumapili ijayo,” yule mama alimjibu. “Lakini hayo si mambo yenu. Ni ya wenye ndege.”

Mama alimaliza kuanika, akarudi Dandora, akaniambia, “Jumapili tukitoka ibada ya kwanza, tunaenda.”

Habari ilienea kwenye ploti kabla ya Jumapili. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa choo wakamwita. “Niaje, Mathe! Tunasikia unaenda kununua ndege.”

“Naenda kuitazama,” Mama akasema. “Ya kununua nimekuachia wewe, ukishatoka hapo ukutani.”

Wanawake wa kwaya nao walikuwa na lao. Kiongozi wao alisema haifai mwimbaji wa kanisa kuonekana kwenye starehe za Jumapili. Mama alimwambia kwamba aliingia dhambini miaka mingi iliyopita alipokubali kuimba naye, na kwamba ndege hazitamwongezea nyingine. Nilidhani angefukuzwa. Lakini hawakuwa na sauti nyingine kama ile.

Tulienda watu wanne. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa dereva, mtu mfupi mwenye maneno machache, na alikuwa na pikapu yake ya zamani aliyoitunza kama mtoto. Wa nne alikuwa mama wa duka la kona, mwenyeji wa Mombasa aliyeletwa Nairobi akiwa bibi harusi na ambaye, baada ya miaka ishirini, bado aliuita mji huu “huku kwenu”. Alipoambiwa tunaenda kuona ndege alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona hata siku mwanawe alipougua. Alikuja na chupa mbili za chai ya tangawizi na kikapu cha mahamri.

“Kama tutafukuzwa,” alisema akipanda nyuma ya pikapu, “tufukuzwe tumeshiba.”

Uwanja wenyewe ulikuwa wa majani, mbali kidogo na mji, wenye banda la ndege, nyumba ya wanachama na jukwaa la mbao lililoezekwa kwa turubai. Tangazo lililobandikwa kando ya barabara lilisema watu wote wanakaribishwa. Tulikata tikiti langoni kama kila mtu. Lakini tulipolikaribia jukwaa, askari alitunyoshea rungu upande wa pili.

“Umma ni kule,” alisema.

“Kule wapi?” dereva aliuliza.

Kule kulikuwa nyikani, ng'ambo ya njia ya kurukia, mahali pasipo mti wala kiti. Katikati ya nyika hiyo ilisimama nguzo ndefu iliyofungwa vitambaa vyekundu. Tulipofika na pikapu yetu tukawakuta wenzetu, kama watu arobaini hivi: vijana wa Baba Dogo, familia moja ya Kayole iliyokuja na bibi yao kwenye kigoda, mafundi seremala bado wana vumbi la mbao kwenye nywele. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuwa ametarajia jukwaa.

Sasa, ile nguzo ndiyo iliyokuwa siri ya siku yenyewe, na waliokaa chini ya turubai hawakuijua. Mashindano yalikuwa hivi: kila ndege ilizunguka mara tano, na kila mzunguko ilipaswa kugeuka kwenye nguzo kadhaa, hii ya kwetu ikiwa mojawapo. Zilizo polepole ziliachiliwa kwanza, zenye kasi mwisho, ili zote zikaribiane mwishoni. Wenye viti waliona ndege zikipita mbele yao moja kwa moja, kama magari barabarani. Sisi tuliona zikigeuka. Ndege inakuja juu yako ikiwa imelala ubavu, bawa moja limeelekea ardhini na jingine mbinguni, unamwona rubani kichwa na mabega, kisha sauti inakupiga kifuani na tayari imeshaondoka.

Kabla hata ya ndege ya kwanza kuruka, alikuja msimamizi mmoja, kijana mwenye kitambaa cha njano mkononi na redio kiunoni. Alisema tumekaa karibu mno na nguzo, turudi nyuma mpaka kwenye ua wa seng'enge.

“Ule ua uko kwenye bonde,” Mama alisema. “Pale hatuoni kitu.”

“Ni kwa usalama wenu.”

“Kuna kamba?”

“Nini?”

“Kama ni hatari, kungekuwa na kamba. Nyinyi mmeweka kamba pale kwenye viti, nimeiona. Hapa hamkuweka, kwa sababu hamkufikiri kwamba kuna watu.” Alitandika leso yake kwenye majani na kuketi, akanyoosha miguu. “Leta kamba. Utakapoifunga, mimi nitakaa nyuma yake.”

Yule kijana alitazama watu arobaini, mmoja baada ya mwingine wakiketi chini. Akasema ataenda kuleta kamba. Hakurudi nayo.

Ndege zikaanza. Sitajaribu kuzieleza zote. Ya kwanza kuachiliwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa polepole kuliko zote, ilikuwa ndege kuukuu ya rangi ya krimu, mabawa mawili moja juu ya jingine, iliyonguruma kama mashine ya kusaga unga. Tuliipenda palepale. Ilipogeuka kwetu mara ya kwanza vijana waliishangilia kwa kelele, ya pili wakaipigia mluzi, na ya tatu bibi wa Kayole akasimama kutoka kwenye kigoda chake. Zile nyingine zilizidi kuikaribia kila mara. Kwenye mzunguko wa nne zilikuwa mgongoni pake.

Halafu injini ikakohoa.

Sote tulisikia. Ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, kisha ikanyamaza. Ndege zilizokuwa nyuma zikapita juu kwa kishindo, na ile ya krimu ikabaki hewani bila sauti yoyote isipokuwa upepo kwenye nyaya zake. Mama wa duka alishika kichwa na kuanza kusoma dua. Ndege ikashuka nyikani upande wetu, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikasimama mbali kidogo na tulipokuwa.

Tulikimbia wote. Tulitarajia damu. Tulichokuta ni mzee wa Kihindi, mwembamba, mwenye sweta lililotoboka viwiko, amesimama kando ya ndege akilipiga gurudumu teke na kuitukana kwa Kiswahili kisafi ambacho siwezi kukiandika hapa.

“Umeumia, mzee?” Mama alimuuliza.

“Nimeudhika,” akajibu. “Nimebakisha mzunguko mmoja. Mmoja!”

Mama wa duka alimmiminia chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akanywa akiwa amesimama, akala hamri, akauliza nani kalitengeneza, akala la pili. Alituambia amezaliwa Pangani na hajawahi kuishi mji mwingine. Ndege ile ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yake, na watoto wake, ambao wote walikuwa ng'ambo, walimpigia simu kila mwaka kumwomba aiache.

“Wanasema nimezeeka,” alisema. “Nawaambia, basi njooni mnishushe.”

Wakati huo kutoka jukwaani tulisikia kipaza sauti kikimtangaza mshindi, na makofi, na muziki. Gari dogo la uwanja likaja limebeba fundi wa yule mzee pamoja na kijana wetu wa kitambaa cha njano. Fundi alifungua injini. Hakuchukua muda; uchafu ulikuwa umeziba mrija wa mafuta. Akausafisha, akaurudisha, akazungusha propela kwa mkono, injini ikawaka kwa sauti ileile ya kusaga unga. Tulishangilia kama tumeitengeneza sisi.

“Vizuri,” alisema msimamizi. “Sasa tunaivuta mpaka bandani. Mashindano yamekwisha.” Alitazama huku na huku, akaliona gari la dereva wetu. “Wewe, lete pikapu hapa, letu hili haliwezi kuvuta. Tuna kamba.”

Dereva, ambaye nadhani tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno kumi, alikunja mikono kifuani.

“Kamba sasa imepatikana,” alisema.

“Lete gari, bwana.”

“Muulize mwenye ndege kama anataka kuvutwa.”

Mzee wa Kihindi alikuwa tayari ameanza kuvaa miwani yake ya urubani yenye mkanda wa ngozi. “Sitaki,” alisema.

“Basi gari langu halivuti,” dereva akamalizia, na akaenda kukalia boneti.

Msimamizi alijaribu njia nyingine. Alisema pale hapawezi kurukiwa, kuna mawe na mashimo ya wanyama, na kanuni haziruhusu. Kuhusu mawe alisema kweli. Mzee aliitazama nyika iliyokuwa mbele ya ndege yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akisita. Alikuwa mzee kweli.

Mama ndiye aliyeanza. Alijifunga leso kiunoni, akainama, akaokota jiwe, akalitupa pembeni. Akapiga hatua, akaokota jingine. Hakumwita mtu. Mimi nikamfuata, kisha mama wa duka akivuta pumzi kwa taabu, kisha wale mafundi seremala, kisha vijana wa Baba Dogo ambao waligeuza kazi kuwa mchezo wa kutupa. Tulijipanga mstari mpana tukatembea nyika ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashimo tuliyajaza udongo kwa mikono na kuyakanyaga. Bibi wa Kayole aliwekwa na kigoda chake juu ya shimo kubwa lililotushinda, ili rubani alione na kulikwepa, naye akaapa hatabanduka mpaka ndege ianze kwenda.

Kijana wa redio alibaki amesimama. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, si kama msimamizi tena, “Mzee, ukiruka hapa watanilaumu mimi.”

Mzee alizungumza kwenye redio yake mwenyewe, ndani ya ndege, kwa Kiingereza, na alipomaliza akatoa kichwa nje. “Nimeomba ruhusa ya kurudi uwanjani kwa kuwa injini imepona. Wamenipa.” Akatabasamu, meno yake yote yakaonekana. “Hawakuuliza nitapitia njia gani.”

Bibi aliondolewa shimoni na wajukuu wawili. Ndege ikaanza kukimbia majanini, ikitikisika sana hivi kwamba nilifumba macho. Nilipofumbua ilikuwa hewani, si juu sana, bali hewani. Iligeuka kwa upana, ikapita mbele ya jukwaa ambako watu walikuwa wakikunja viti na kufunga vikapu vyao vya chakula. Sidhani wengi waliinua macho. Muziki uliendelea. Ikashika njia ya mzunguko, nguzo kwa nguzo, peke yake katika mbingu yote ya upande ule, na sisi tukirudi mbio kwenye nguzo yetu, mama wa duka kabeba viatu mkononi.

Ilikuja. Ilikuwa polepole, Mungu anajua. Lakini ilipofika kwetu ililala ubavu vilevile kama zilivyolala zile za kasi, bawa la chini likionyesha vitambaa vyekundu, na mzee akatutazama kutoka mle ndani. Mama alikuwa amevua leso kiunoni. Alisimama miguu kapanua akaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama nilivyosikia bendera hupungwa mbele ya mshindi. Alikuwa akilia na hakujifuta.

Ndege ikavuka mstari wa mwisho, ikashuka, ikaingia bandani. Mzunguko wa tano.

“Huo hauhesabiki,” msimamizi alisema nyuma yetu. Hakuwa na ubaya. Nadhani alitaka tu tuelewe. “Muda ulishafungwa. Kwenye matokeo ataandikwa hakumaliza.”

Mama aligeuka. “Hauhesabiki kwa nani?”

“Kwa waamuzi, mama.”

“Walikuwa wapi waamuzi?”

Walikuwa kwenye nyumba ya wanachama, wakinywa.

“Sisi tulikuwa hapa,” Mama alisema. “Mimi nimehesabu. Huyu binti yangu amehesabu. Yule bibi amehesabu. Kaandike unachotaka kuandika.”

Jumatatu magazeti yalitoa picha ya mshindi na kombe lake. Kiwandani nilisimulia ya kwangu, na mwangalizi wetu akacheka, akasema ndege iliyoshindwa ni iliyoshindwa, na watu wa Dandora tunajua kujipa moyo. Nilimwambia aje mwaka unaofuata asimame kwenye nguzo, kisha aniambie tena. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa kazini. Mikono iliendelea kufunga biskuti, lakini masikio yalikuwa ya moto siku nzima. Hakunifukuza.

Mama alikuwa na mazungumzo yake kule Komarock. Mama mwenye nyumba alimuuliza kwa wema kabisa kama alifurahia kuziona ndege za wenyewe. Mama akamjibu kwamba aliiona ndege moja ambayo ni yake. Yule mwingine alidhani ni utani. Mama aliendelea kumfulia miezi michache, halafu akaacha, akaanza kuuza mboga karibu na nyumbani. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza, ila sikumwona tena akiinamisha kichwa kwa mtu yeyote wakati wa kusalimiana.

Mwaka uliofuata tulirudi. Safari hii pikapu haikutosha. Vijana wa ukutani walikuja, na nusu ya kwaya, kiongozi wao akiwa amejifunika skafu kichwani asitambulikane. Waandaaji walikuwa wamejifunza, maana tulikuta kamba imefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, mbali na nguzo, na msimamizi mwingine, mtu mzima mwenye tumbo, amesimama mbele yake.

Mama aliitazama kamba. Alikuwa ametoa neno lake mwaka uliopita, na nilijua halivunji. Aliweka kikapu chini, akaishika kamba kwa mikono miwili, akang'oa kigingi cha kwanza.

“Mama, unafanya nini?” yule mtu akauliza.

“Nilisema nitakaa nyuma ya kamba,” Mama alimjibu. “Mimi si mwongo. Naisogeza tu.”

Alivuta kigingi mpaka alipotaka, karibu na nguzo, akakipigilia kwa jiwe. Dereva akang'oa cha pili. Kiongozi wa kwaya, skafu ikimwanguka mabegani, akang'oa cha tatu. Mtu mwenye tumbo akaangalia upande wa jukwaa, ambako hakuna aliyekuwa akituangalia. Kisha kwa mbali, upande wa banda, injini kuukuu ikawaka, na sote tukaketi.